Waliniita Mama Dokta

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Itikeni vizuri sasa, maana baada ya hapa sitasema mengi ya kufurahisha.

Ushuhuda huu nimeuandika kwenye daftari, na mchungaji amenikubalia niusome. Wengine wakisimama hapa wanasema yale Roho anawapa saa ileile. Mimi nimeandika kwa sababu najijua. Nikisema bila karatasi nitaruka, na kuruka ndiko kulikonifikisha nilikofika.

Mnaniita Mama Dokta. Mimi ni Marta, mama ya Rebeka na Samweli. Jina lile la Mama Dokta lilinipeleka mbele ya panga na mtoto mgongoni, na Mungu akanitoa. Mimi nilitoka. Kuna mtu mwingine hakutoka. Nitasema yote mawili.

Tena nina hasira. Nilifunga siku tatu nikiomba hasira iniache, haikuniacha, basi nimekuja nayo. Mungu ananijua hivi.

Bwana yangu Yoeli mlimjua. Alikuwa infirmier, yaani muuguzi wa lopitali, miaka sita chini ya waganga wazungu. Alipiga sindano, alisafisha vidonda, alizalisha wanawake wakati dokta amelala, na asubuhi dokta aliandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi. Uhuru ulipofika na fujo zake, wazungu wale walipanda ndege. Lopitali ikabaki na wagonjwa. Hapakuwa na dokta mweusi hata mmoja, maana hakuna aliyetaka kumfundisha mweusi kuwa dokta. Nakumbuka Yoeli akirudi mtaani kwetu Mangobo kwa baiskeli, anakaa mlangoni, chakula hagusi. Siku hiyo alikuwa amemshika mkono mwanamke aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo. Aliniambia: ningepasua, nimeona wakipasua mara nyingi, lakini sijui nikishapasua ninatafuta nini.

Donc, basi, bourse ilipotangazwa, yaani nchi ya Bulaya itawasomesha watu wetu udokta bure, Yoeli alikuwa wa kwanza kuandika jina. Alichaguliwa. Nilikuwa na Rebeka wa miaka mitatu, na Samweli alikuwa bado tumboni. Kanisa hili lilimwombea Jumapili mbili. Kina mama mlimfungia blanketi, sabuni, pilipili kavu. Wakati wa kuaga, Papa Alfonsi alisimama kutoka kiti cha nyuma kabisa.

Papa Alfonsi, kwa wale waliokuja karibuni, alikuwa mfagiaji wa chumba cha operesheni palepale lopitali. Zaidi ya miaka ishirini. Alifagia, aliosha damu, alichemsha vyuma. Hakuwahi kuitwa mbele ya kanisa kwa jambo lolote. Siku ile alimshika Yoeli mkono akamwambia: "Ukifika kule, mwanangu, uliza sababu. Hapa walituonyesha namna tu." Watu wakacheka kidogo, mfagiaji anamshauri dokta. Na mimi nilicheka.

Ndege haijafika Bulaya, tayari mmeanza: Mama Dokta. Ndiyo desturi yetu. Mke wa mwalimu ni Mama Mwalimu hata kama hajui kushika kalamu. Lakini mwalimu angalau anafundisha. Yoeli wangu alikuwa hajafungua kitabu. Mlinitoa benchi la katikati mkaniweka la mbele, karibu na mke wa mchungaji. Sokoni wauza sombe, majani ya mihogo, waliniongezea fungu. Nilisema hapana? Sikusema hapana. Nilinunua kikwembe kipya ili kilingane na jina.

Halafu barua zikaanza kuja. Na hapa, ndugu zangu, ndipo mnapoingia nanyi. Mlitaka barua isomwe kanisani. Yoeli alikuwa dokta wa kanisa zima, kwa hiyo barua nayo ni ya kanisa zima. Ibada ikimalizika, mchungaji anasema, dada Marta, tusomee. Yoeli aliandika Kifaransa na Kiswahili vimechanganyika. Mimi niliyefika sekondari nilikuwa natafsiri nikiwa nimesimama hapa hapa. Hakuna aliyeona karatasi. Mliona mdomo wangu tu.

Barua ya kwanza ilikuwa nzuri. Chumba cha masomo kimejengwa kama ngazi, wanafunzi wanakaa juu ya vichwa vya wenzao mpaka karibu na dari. Profesa anaandika ubaoni kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto, na asiyenakili haraka shauri yake. Yoeli alikaa mstari wa kwanza kwa sababu Kifaransa cha profesa kilimpita masikio. Na kila mwanafunzi aliazimwa sanduku la mifupa. Mifupa ya mtu kweli. Fuvu, mbavu, vidole vyote, ili ajifunze nyumbani. Aliandika: "Ninalala na mtu nisiyemjua chini ya kitanda changu. Jumapili nilimwombea."

Hapo ndipo niliporuka kwa mara ya kwanza. Niliona nyuso zenu, nikajua nikisoma habari ya mifupa, kabla ya jioni Mangobo yote itasema Yoeli anakula uchawi Bulaya. Nikaruka mistari ile minne. Niliona ni busara. Kumbe mtu akisharuka mara moja, mguu unazoea.

Barua zilizofuata, alininakilia masomo yake. Alisema akiniandikia somo linakaa kichwani. Moyo una vyumba vinne. Ini linakaa kulia. Damu haisimami. Mlipenda sana habari ya vyumba vinne, mchungaji aliihubiri wiki mbili. Lakini chini ya masomo aliandika mambo mengine. Kwamba wenzake ni watoto wa miaka kumi na minane na yeye ana ishirini na tisa. Kwamba hakuna mmoja wao aliyewahi kumgusa mgonjwa, ila wanajua hesabu za tindikali na za umeme ambazo yeye hakufundishwa, kwa sababu shule ya infirmier hapa haikumpa hesabu, ilimpa sindano. Msichana mmoja wa Kizungu alimuuliza kama kwetu kuna nyumba. Baridi ilimpasua midomo. Hayo yote niliruka. Niliwasomea: "Masomo yanaendelea vizuri, mniombee."

Samweli alizaliwa. Mwezi wa saba Yoeli alishindwa mtihani. Akarudia mwezi wa tisa. Akashindwa tena.

Barua ile ilikuwa fupi. Kwamba wamemfuta kwenye orodha ya udokta. Kwamba tiketi ya kurudi ipo, lakini hawezi kuja kusimama mbele ya kanisa. Kwamba amepata kazi ya kuosha chupa na vioo katika labo, yaani maabara, ya shule ileile, na amepewa bluzi nyeupe ya kazi. Alituma picha amevaa bluzi hiyo. Mwishoni: "Marta, usiwaambie. Nipe muda."

Niliisoma jikoni mara tatu. Jumapili mchungaji akaniita. Nilisimama hapa. Nikafungua karatasi. Nikasoma: "Nimepita."

Ndugu zangu, neno hilo halikuwa kwenye karatasi. Hapo sikuruka, nilishona. Mliimba mpaka kuta zikatetemeka. Picha ikapita mkono kwa mkono, mnasema tazama bluzi, tazama dokta wetu. Papa Alfonsi naye alipewa picha kule nyuma. Aliitazama muda mrefu. Yeye amefua bluzi zile miaka ishirini. Alijua ya dokta inavyofungwa na ya mfanyakazi wa labo inavyofungwa. Alinirudishia picha akasema tu: mwambie namsalimu. Hakunisaliti. Kumbukeni hilo.

Sasa nafika mahali pagumu. Mama Furaha, nakuomba usitoke nje. Vumilia.

Kwa sababu nilikuwa Mama Dokta, mliniletea watoto. Kuhara, upele, masikio. Niliwatazama ndimi, niliwagusa matumbo, nilisema maneno ya barua. Wengi walipona wenyewe kama watoto wanavyopona, na jina likakua. Siku moja mchana Mama Furaha alikuja na Danieli wake, ana homa. Mtoto alikuwa hataki kuinamisha kichwa. Mama Furaha aliniuliza, nimpeleke lopitali? Nilimwambia ni malaria, mpe kwinini, mfunike, kesho atacheza. Nilisema kwa sauti ya dokta. Alinishukuru. Alfajiri yake Danieli akafa.

Kwenye matanga Mama Furaha alikaa kwenye mkeka, watu wakimpa pole, naye anawajibu: "Hata Mama Dokta alijaribu. Basi ni Mungu."

Halikuwa la Mungu. Wiki moja baadaye nilifungua barua za zamani, zile ambazo sikuzimaliza kwa sababu nilikuwa natafuta tu sentensi za kuwasomea. Katika mojawapo Yoeli aliandika: homa na shingo iliyokakamaa, usingoje hata saa moja, kimbiza lopitali. Ilikuwa sandukuni mwangu tangu miezi mingi. Sijui kama lopitali isiyo na dokta ingemwokoa Danieli. Najua kwamba sikumpa mama yake hiyo nafasi. Nilikunja ile karatasi nikaificha chini ya unga. Mama Furaha, hilo sikukuambia mpaka leo. Nimeandika hapa na wino ili nisiruke.

Ndipo uasi dhidi ya serikali ulipofika hapa mjini kwetu, Kisangani.

Wengi wenu mlikuwepo, sina haja ya kuwahadithia. Majani vichwani, mikuki, bunduki chache, na vijana walionyunyiziwa dawa, wanaambiwa risasi itageuka maji. Walikuwa na miiko yao, na mkubwa katika hiyo: mwanamke asiwaguse. Akiwagusa, dawa imekufa. Walitafuta watu wa kalamu, yaani waliosoma. Karani wa posta walimchukua. Mwalimu wa mtaa wa Tshopo walimchukua na miwani yake. Kila nyumba ilichoma karatasi. Mangobo ilinuka vitabu. Mimi sikuchoma barua. Nilizizika kwenye sufuria chini ya unga, maana ukiacha zile nilikuwa na nini cha Yoeli?

Walikuja watatu, mchana, saa ya kutwanga lituma, ndizi zetu za chakula. Mkubwa wao hakuwa amefika miaka ishirini na mitano, sauti imekauka kwa bangi.

"Dokta iko wapi?"

Nilimjibu hakuna dokta hapa.

"Batu banasema nyumba hii njo ya dokta."

Nikasema bwana yangu iko Bulaya. Wakatazamana. Mmoja akauliza wenzake, sasa tumletee komanda mwanamke? Yule mkubwa akanitazama kuanzia kichwa hadi miguu.

"Wewe njo Mama Dokta?"

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi pale pale. Neno moja tu, hapana. Lakini miaka miwili nilikuwa naitika jina lile, mdomo ukaitika peke yake. Nikasema ndiyo.

"Basi twende. Utatembea nyuma yetu, mama. Ukinikaribia nakuchoma mukuki."

Rebeka nilimwacha kwa jirani. Samweli nilimfunga mgongoni. Tulitembea kutoka Mangobo mpaka Makiso mjini, katikati ya barabara, wao mbele, mimi hatua kumi nyuma, na hakuna mtu aliyethubutu kunisalimia. Njia nzima nilijiuliza kitu kimoja: nani alinionyesha? Nilikuwa natafuta jina la kulaani. Nilipitia mabenchi yote ya kanisa hili kichwani mwangu, moja moja.

Walinifikisha kwenye nyumba ya mzungu aliyekimbia. Sebuleni, juu ya godoro, komanda wao alikuwa amelala. Paja limevimba kama gogo la mgomba. Harufu ilinipokea mlangoni. Kando, karibu na jiko la mkaa, mzee mmoja alikuwa anachemsha maji kwenye ndoo, ameinama, hataki kuonekana. Alikuwa Papa Alfonsi. Walimtoa lopitali pamoja na ndoo na sanduku la vyuma, kwa ajili ya moto na maji. Walipomuuliza yeye ni nani, alisema mfagiaji. Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilikuwa inamlinda. Mfagiaji hana hatia ya kalamu.

Lakini mimi nilijua zaidi. Yoeli aliniambia siku nyingi zilizopita kwamba infirmier mpya akikwama mezani, Papa Alfonsi hupita na ufagio na kunong'ona: chuma kile kidogo, cha kushoto. Ameona kila kitu miaka ishirini.

Yule kijana aliniamuru nimweke Samweli juu ya meza, mwisho wa chumba, mbali nami. Mwenzake akasimama hapo na panga. Akasema nisimame mlangoni nitoe maagizo kwa mdomo, wao watafanya kwa mikono. Na akasema wazi: komanda akifa, mtoto huyu atamfuata, na mama yake baada ya mtoto.

Samweli alianza kulia. Mimi nikafungua mdomo. Mnajua nilichosema? Nilisema moyo una vyumba vinne. Nilianza kusoma barua kwa kichwa, mbele ya jeraha lile! Komanda akaniangalia. Alikuwa na macho ya mtu anayezama anayetazama ukingo. Aliniamini. Alinitazama vile Mama Furaha alivyonitazama mlangoni kwangu. Nikamwona Danieli. Nikajua kwamba nikiendelea nitaua mtu wa pili kwa sauti ile ile, na mwanangu atakuwa wa tatu.

Sikuomba sala ndefu. Nilisema Yesu, nitoe. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, si ile ya dokta.

"Mimi siko dokta. Bwana yangu naye haiko dokta. Alianguka mutihani mara mbili. Anaosha chupa."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu. Sikuyatoa mbele ya mama yangu, sikuyatoa mbele ya mchungaji, niliyatoa mbele ya panga.

Halafu komanda akaanza kucheka. Kicheko cha mgonjwa, kinamuumiza na hawezi kukiacha. Akasema: "Bandugu, tulitafuta dokta mji muzima. Mumeniletea bibi ya muosha chupa." Wakacheka wote. Mimi nilisimama nikichekwa, na nawaambia kweli, sijawahi kuwa mwepesi vile tangu Yoeli aondoke.

Kama ushuhuda ungeishia hapo, mngepiga makofi na tungeenda kula. Haukuishia hapo.

Komanda alipomaliza kucheka akauliza: sasa nani anajua? Na mimi, ndugu zangu, sikusema kitu. Nilitazama. Nilimtazama Papa Alfonsi. Mtoto wangu alikuwa mezani, panga liko hapo, na macho yangu yakaenda kwa yule mzee kabla sijayazuia. Kama kweli nilitaka kuyazuia. Kijana aliyafuata macho yangu mpaka kwenye ndoo.

Papa Alfonsi aliona. Aliinuka polepole, magoti yanalia. Alijifuta mikono. Hakunilaumu. Alisema:

"Mwanangu, mutoto yako analia. Mubebe, muende."

Kisha akaomba kisu kichomwe motoni, na chumvi, na kitambaa kilichochemka. Aliwaambia vijana wamshike komanda mabega. Alijua anachotafuta. Nilimchukua Samweli. Hakuna aliyenizuia, nilikuwa sina kazi tena, na mwanamke akibaki karibu na komanda anayepasuliwa dawa itaharibika, wakanifukuza kwa mikuki kama kuku. Mwiko wao ndio ulionifungulia mlango. Mungu anatumia hata ushirikina wa adui! Nilitembea mpaka Mangobo sikugeuka nyuma. Mtu yeyote asiniambie nilikuwa shujaa.

Komanda alipona. Kwa sababu alipona, hawakumwachia Papa Alfonsi. Walimtembeza kambi hadi kambi, na wakampa jina. Mzee aliyefagia miaka ishirini, ambaye hakuna mzungu wala mweusi aliyemwita kwa heshima, waasi walimwita Dokta. Dokta Alfonsi. Lile lile jina nililolivua, lilimwangukia yeye.

Askari wa serikali waliporudi na wazungu wao wa kukodiwa, walipita wakiuliza nani aliwatibu waasi. Watu wakajibu: Dokta Alfonsi. Walimkuta nyumbani kwake, amekaa chini, anamenya ndizi na mke wake. Alisema mimi ni mfagiaji. Safari hii haikusaidia, maana mji mzima ulikuwa umesikia jina. Walimpeleka upande wa mto Tshopo pamoja na wengine. Mama Alfonsi hakupewa mwili. Aliweka matanga juu ya shati.

Na yule aliyenionyesha kwa waasi? Nilimpata. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Mama Furaha mwenyewe alikuja, baada ya mapigano, akanikumbatia akilia, akasema anamshukuru Mungu nimerudi. Akaniambia: "Ni mimi niliwaonyesha. Walikuwa na mugonjwa, nikasema kama kuna mutu wa kumusaidia, ni Mama Dokta, alimuhangaikia Danieli wangu." Alinituma kwenye kifo kwa sababu aliniamini. Maneno yangu makali yalibaki mdomoni, hayana wa kumpata. Yalinirudia mimi.

Kwa hiyo hasira yangu, sasa mnaijua. Nina hasira na waliomfundisha Yoeli mikono bila sababu, kisha wakamcheka kwa kukosa sababu. Nina hasira na Yoeli aliyeniambia usiwaambie. Nina hasira nanyi pia, mliotaka dokta mpaka mkamtengeneza kwa mdomo, huku mtu anayejua kupasua anakaa benchi la nyuma na hakuna anayemuuliza habari. Na juu ya wote nina hasira na Marta.

Mungu amenitoa, ndugu zangu. Sisemi amenitoa bila doa. Sisemi Papa Alfonsi alikufa ili mimi niishi. Sisi hatuna ruhusa ya kusema hivyo juu ya mtu mwingine, mmoja tu alikufa hivyo. Papa Alfonsi alikufa kwa sababu watu walimwua. Nasema hili tu: siku niliyosema kweli, Mungu alikuwa anaingojea tangu jikoni kwangu, tangu barua fupi. Alinishika kwenye neno lile moja. Ningelisema mapema, Danieli angekuwa na nafasi yake, na Papa Alfonsi angekuwa anafagia. Neema haikuchelewa. Mimi ndiye niliyechelewa.

Posta imefunguliwa tena. Wiki iliyopita barua ya Yoeli ilifika. Iko hapa. Ameanza masomo mengine, mafupi, ya kupima damu kwa kioo cha kukuzia, na mtihani wa kwanza amepita, hilo sikulishona. Anauliza nimewaambia nini. Anauliza akirudi, atarudi kama nani. Nimemjibu: rudi kama Yoeli, tuna wagonjwa wa kutosha.

Nitaisoma yote, na mchungaji ataketi kando yangu akiifuata kwa kidole. Lakini kwanza naomba jambo. Mama Alfonsi, mama yangu, toka huko nyuma uje ukae hapa mbele, mahali pangu. Mimi nakwenda kukaa kwako. Nimeshafika kwako nyumbani nikapiga magoti, unajua. Hukunijibu, na sikudai unijibu. Njoo tu ukae. Mama Furaha, nawe nakupigia magoti, ukitaka kunipiga nipige.

Na wewe unayenisikiliza, una jina ambalo si lako, umelivaa, watu wanakusalimia nalo sokoni. Livue leo, mbele ya watu wanaokupenda. Usingoje panga. Mwamini Yesu, hakuulizi bluzi yako inafungwa namna gani. Anakuita kwa jina ulilopewa na mama yako, na hilo moja linatosha kwa kuokolewa.

Barua inaanza hivi: "Kwa Marta, kama ungali hai."

Niko hai, ndugu zangu. Bwana asifiwe.